Akili na Fahamu: Siku Saba Kutoka Ngamba Hadi Mweya

Siku ya kwanza: Entebbe na kisiwa cha Ngamba

Kwa miaka kumi na minne nimefundisha biolojia katika shule ya sekondari, na kila nilipofika kwenye mada ya tabia za wanyama nimekuwa nikiandika neno silika ubaoni, nikilipigia mstari na kusonga mbele. Muhula uliopita msichana mmoja wa kidato cha pili alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, mbwa akikanyagwa mkia, analia kwa sababu anaumia, au analia tu?" Nilimjibu kwa habari za ubongo na mishipa ya fahamu, maelezo ambayo yote yalikuwa sahihi na hakuna hata moja lililogusa alichouliza. Likizo ya Agosti ilipofika, nilimwomba mjomba wangu anisindikize kuzunguka sehemu za Uganda ambako swali hilo limefanyiwa kazi kwa miongo mingi. Mjomba ana miaka sabini na mmoja. Alizaliwa katika kambi ya kiwanda cha mbao msituni Budongo, mahali ambapo Waalur, Walugbara na watu waliotoka Kongo walifanya kazi pamoja na Kiswahili kikawa lugha ya kila siku, na ni yeye aliyenifundisha lugha hii.

Kabla ya kupanda boti nilitaka kuyatenganisha maneno mawili. Akili ni uwezo wa kutatua jambo, nao unaweza kupimwa kwa mtihani. Fahamu ni ile hali ambayo mtu akianguka barabarani twasema ameipoteza, na akifumbua macho twasema imemrudia. Fahamu ya mwenzangu sijawahi kuiona, wala yeye hajaiona yangu. Kila mmoja humwamini mwenzake kwa ishara. Msichana yule aliniuliza kuhusu fahamu nami nikamjibu kuhusu waya zinazoibeba.

Ngamba iko umbali wa kilomita 23 kutoka Entebbe, ndani ya Ziwa Victoria. Tangu mwaka 1998 kisiwa hiki chenye ukubwa wa ekari 100 hivi kimekuwa makazi ya sokwe yatima, wengi wao wakiwa wameokolewa mikononi mwa wawindaji na walanguzi. Msitu umeachwa kwa sokwe, na watu wamebanwa kwenye kipande kidogo upande wa pili wa ua wa umeme. Tulisimama kwenye jukwaa wakati wa kulishwa, na sokwe walitoka msituni wakiwa wamenyosha mikono kudai matunda yao.

Nilikuja hapa kwa sababu ya jaribio lililochapishwa mwaka 2006 na Alicia Melis, Brian Hare na Michael Tomasello. Ubao wenye chakula uliwekwa nje ya vyuma, na kamba moja ikapitishwa kwenye vikuku vya ubao huo hadi ncha zake mbili zikafika ndani. Sokwe akivuta ncha moja peke yake, kamba huchomoka yote ikamjia mkononi, na ubao hubaki pale pale. Ni lazima ncha zote mbili zivutwe kwa pamoja. Ncha zilipokuwa karibu, sokwe mmoja aliweza kuzishika zote. Zilipokuwa mbali alihitaji mwenzake, naye mwenzake alikuwa amefungiwa chumba cha pili, nyuma ya mlango ambao sokwe wa kwanza aliweza kuufungua kwa kuchomoa kigingi. Ikaonekana kwamba walifungua mlango zaidi pale msaada ulipohitajika. Kisha wakapewa nafasi ya kuchagua kati ya wenza wawili, Bwambale ambaye alikuwa mvutaji hodari, na Mawa ambaye aliharibu kazi mara nyingi. Waliokwisha kufanya kazi na wote wawili walimwelekea Bwambale.

Nilimweleza mjomba haya tukiwa kwenye boti ya kurudi, naye hakushangaa kama nilivyotarajia. Ujana wake wote alipasua mbao kwa msumeno wa watu wawili, mmoja akiwa juu ya gogo na mwingine ndani ya shimo. "Mwanangu," alisema, "ukipewa mwenzako anayevuta kabla yako, ubao unapinda na mgongo unakwisha. Siku moja inatosha kumjua. Kesho yake unaamka mapema kwenda kumwita mwingine." Nilibaki nikiwaza maneno hayo, kwa sababu yalieleza kile ambacho jaribio lilikuwa limepima, yaani kuweka kumbukumbu ya mtu fulani na kazi yake, kisha kuitumia kumbukumbu hiyo siku nyingine.

Siku ya pili: Kampala hadi Nyabyeya

Safari ya Masindi ni ya kilomita zipatazo 215, nasi tuliimaliza kwa siku nzima kutokana na pancha mbili baada ya Luweero. Tulipokuwa kando ya barabara nilimsimulia mjomba habari za farasi aliyeitwa Hans, ambaye mwanzoni mwa karne iliyopita huko Berlin alijulikana kwa kujua hesabu. Aliulizwa jumla ya namba mbili, naye akagonga kwato hadi akafikia jibu. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans hakuwa akihesabu chochote. Alikuwa akitazama mwili wa muulizaji, na pale muulizaji alipojikaza au kulegea kidogo bila kujua, farasi aliacha kugonga. Asipomwona mtu anayejua jibu, hakupata jibu.

Kisa hicho ndicho kilichowafanya watafiti wa baadaye kuwa wagumu wa kusadiki, nami naona walikuwa na haki. Tayari mwaka 1894 Conwy Lloyd Morgan wa Uingereza alikuwa ameweka kanuni kwamba tendo la mnyama lisielezwe kwa uwezo wa juu wa akili ikiwa uwezo wa chini unatosha kulieleza. Hata hivyo naona kisa cha Hans kimesomwa upande mmoja tu. Farasi yule aliusoma mwili wa mwanadamu kwa wepesi ambao mwanadamu mwenyewe hakuwa nao. Mtihani ulioandaliwa kwa ajili ya uwezo mmoja ulikuta uwezo mwingine, na watu wakaondoka wakisema hakuna kitu.

Tulipita mashamba ya miwa ya Kinyara, yaliyosogea hadi ukingoni mwa msitu wa Budongo, tukafika Nyabyeya jioni sana.

Siku ya tatu: Budongo

Vernon Reynolds alifika msitu huu kwa mara ya kwanza mwaka 1962, na mwaka 1990 akaanzisha mradi ambao leo ndio kituo cha utafiti na uhifadhi cha Budongo, hapo hapo palipokuwa kiwanda cha mbao cha Sonso. Mjomba aliyatambua magofu ya kiwanda kabla sijaonyeshwa. Alisimama penye sakafu ya saruji iliyopasuliwa na mizizi, akasema hapa ndipo baba yake alipokuwa akipanga foleni ya mshahara.

Tuliingia msituni saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukiwa nyuma ya msaidizi wa utafiti ambaye amewafuata sokwe wa kundi la Sonso kwa zaidi ya miaka ishirini. Tulivaa barakoa, maana mafua yetu yanaweza kuwaua. Baada ya mwendo wa saa moja na nusu tuliwakuta chini ya mkuyu, na hapo niliona jambo ambalo nitalihifadhi maisha yangu yote.

Sokwe jike alikuwa ameketi na mtoto wake wa miaka mitatu hivi akichezea matawi hatua chache nyuma yake. Mama aliinuka, akatembea kidogo, akasimama. Hakutoa sauti. Aliunyanyua mguu mmoja nyuma akauacha hewani, unyayo ukiwa umemwelekea mtoto, akageuza uso kidogo kumtazama. Mtoto hakuja. Mama aliushusha mguu, akasubiri, kisha akaunyanyua tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi, na vidole vyake vilikuwa vikijikunja na kujikunjua. Mtoto aliacha matawi, akaja mbio, akapanda mgongoni, na mguu ukashuka hapo hapo. "Amemwambia panda," msaidizi alininong'oneza, kwa sauti ya mtu anayetafsiri jambo la kawaida.

Catherine Hobaiter na Richard Byrne wa Chuo Kikuu cha St Andrews waliorodhesha katika kundi hili hili ishara za mwili zisizopungua 66, na mwaka 2014 wakachapisha maana za sehemu yake, jumla ya maana 19. Njia waliyoitumia kujua maana ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: unatazama ni kitu gani kinachomfanya sokwe aache kutoa ishara. Akipata alichotaka ananyamaza. Asipokipata anarudia, anaongeza nguvu au anabadili ishara. Mama yule aliurudia mguu wake, na mtoto alipopanda aliushusha. Ishara iliyo silika tupu hutolewa hata kama hakuna anayetazama, na haijali imejibiwa au la. Hii ilijali. Baadaye dume mkubwa aliketi mbele ya mwenzake akajikuna ubavu kwa mikwaruzo mirefu yenye kelele kama mtu anayeparua gome la mti, na yule mwenzake akasogea akaanza kumchambua manyoya. Mjomba alicheka kwa furaha akaniambia kwamba miaka yote alidhani wanawashwa.

Wengi katika kundi hili wana ulemavu wa mikono au miguu. Watu hutega mitego ya waya kwa ajili ya funo na nguruwe mwitu, na sokwe hunaswa. Dume mmoja mzee aliyeitwa Tinka mikono yake yote miwili iliharibika hivyo, asiweze kujikuna. Alijitafutia njia: aliukaza mtambaazi uliokuwa ukining'inia kwa kuushika na mguu, kisha akausugua mwili wake kwenye mtambaazi ule. Hobaiter na Byrne waliripoti mwaka 2010 kwamba sokwe wadogo wenye mikono mizima kabisa walianza kujikuna kwa njia hiyo hiyo. Hawakuihitaji. Mikono yao ingefanya kazi hiyo kwa wepesi zaidi, na kwa hiyo ni vigumu kudai kwamba kila mmoja aliigundua peke yake kwa kubahatisha. Walimwona mzee akifanya, nao wakafanya.

Wakati msaidizi akieleza habari za Tinka, mjomba alikuwa ameinamisha kichwa. Tukiwa njiani kurudi kambini alinieleza jambo ambalo hajawahi kuniambia. Akiwa kijana alitega waya kama wenzake wote. Asubuhi moja alikuta waya umevutwa hadi ukakatika mtini, na ndani ya kitanzi kulikuwa na vidole viwili. "Usiku ule tulimsikia," alisema. "Alipiga kelele mpaka usiku wa manane, na wenzake wakimjibu kutoka ng'ambo ya mto. Nilikuwa nimelala nimejifunika. Nilijua ni nini." Sikupata neno la kumwambia. Nilifikiri juu ya msichana wa kidato cha pili na mkia wa mbwa, na nikaona kwamba mjomba hakuhitaji majaribio ya Ngamba ili kulijibu swali lake; alikuwa na jibu tangu usiku ule, na uzito wa jibu hilo ndio uliomfanya anyamaze miaka hamsini.

Siku ya nne: Budongo tena

Leo sokwe walikuwa mbali, nasi tuliketi kambini kwa saa nyingi mvua ikinyesha, hali iliyonipa nafasi ya kuyapitia kwa makini majaribio ambayo kwangu ndiyo kiini cha safari hii.

Swali ni kama mnyama anaweza kujua kwamba mwenzake hajui. Catherine Crockford na wenzake waliweka nyoka wa bandia, wa aina yenye sumu kali, kwenye njia za sokwe wa Sonso. Sokwe anayemwona nyoka hutoa sauti ya chini ya tahadhari. Kama sauti hiyo ingekuwa mwitikio wa hofu tu, ingetoka sawasawa bila kujali nani yupo karibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba ilitolewa zaidi pale walipofika wenzao ambao hawajamwona nyoka wala hawajasikia tahadhari. Mtu angeweza kusema sokwe huwa anasoma tu mienendo ya anayekuja, kama Hans, na watafiti walilikubali pingamizi hilo kwa uzito wake. Katika jaribio jingine lililochapishwa mwaka 2017 walificha kipaza sauti karibu na njia, wakamsikilizisha sokwe sauti ya mwenzake asiyeonekana. Mara nyingine ilikuwa sauti ya tahadhari, kana kwamba mwenzake huyo amekwisha kumwona nyoka, na mara nyingine sauti ya utulivu ambayo hutolewa wakati wa kupumzika. Sokwe alipomkuta nyoka, alipiga tahadhari zaidi pale alipokuwa amesikia ile sauti ya utulivu. Hakukuwa na mwili wa kuusoma. Kulikuwa na sauti tu, na kile ambacho sauti ile ilimjulisha kuhusu hali ya mwenzake.

Naamini kwamba hapa akili na fahamu zinaanza kukaribiana. Kumjali asiyejua kunahitaji kwamba kujua kwenyewe kuwe jambo fulani kwako.

Mchana mvua ilipokatika tulipelekwa penye shimo la maji lenye udongo mweupe kati ya mizizi. Hapa ndipo mwezi wa Novemba 2011 ulipozaliwa ufundi mpya mbele ya macho ya watafiti. Sokwe wa Sonso hunywa maji ya mashimoni kwa kutafuna majani yakawa donge, wakalichovya na kulifyonza. Siku moja dume mkuu, Nick, alichuma badala yake mimea midogo laini inayoota kama zulia juu ya magogo yenye unyevu, akatengeneza donge la namna hiyo, na jike aitwaye Nambi alikuwa akimtazama. Ndani ya siku sita wengine saba walikuwa wakifanya vivyo hivyo, na watafiti waliokuwa wakiandika nani alimwona nani akifanya waliweza kufuatilia ufundi ukipita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Nilichota kipande cha mimea ile nikakichovya. Kilijaa maji haraka kuliko jani lolote.

Tulipokuwa tukirudi msaidizi alitugonga begani mbele ya mti wa mubajangalabi, ambao gome lake hutumiwa na waganga wengi wa asili. Sokwe nao hulitafuna. Mwaka 2024 Elodie Freymann na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia sokwe 51 wa msitu huu, wakikusanya mimea iliyoliwa na wagonjwa na majeruhi, na mingi ya mimea hiyo ilipopimwa maabara ilizuia vijidudu visikue. Dume mmoja aliyejeruhiwa mkono alionekana akitafuta aina fulani ya kangaga, mmea usiochanua maua, chakula ambacho si cha kawaida kwake. Mjomba alitaja mwarobaini tunaouchemsha nyumbani, akauliza ni nani aliyemwelekeza bibi yake mti gani wa kuchemsha. Sikujua. Inawezekana kabisa kwamba baadhi ya dawa zetu zilianza kwa mtu kumtazama mnyama mgonjwa.

Usiku, chini ya taa ya sola, nilimsomea mjomba habari za matamko mawili. Tarehe 7 Julai 2012, mjini Cambridge, kundi la wanasayansi wa ubongo lilitamka kwamba mwanadamu si kiumbe pekee mwenye mifumo ya ubongo inayozalisha fahamu, na kwamba mamalia wote na ndege, pamoja na viumbe wengine kama pweza, wanayo. Mwezi wa Aprili 2024, New York, tamko jingine lilisema kwamba ushahidi wa fahamu kwa mamalia na ndege una nguvu, na kwamba uwezekano huo hauwezi kupuuzwa kwa wanyama wote wenye uti wa mgongo na kwa wengi wasio nao, wadudu wakiwemo. Mjomba alinyamaza kitambo, kisha akauliza, kwa dhati kabisa: "Na kabla ya 2012 walikuwa wanawatendea vipi?"

Siku ya tano: Masindi, Hoima, Sebitoli

Siku nzima ya barabara. Jambo moja tu linastahili kuandikwa. Tulipokaribia Fort Portal tulipita Sebitoli, mahali ambapo barabara kuu ya lami ya kwenda Kampala inakata msitu wa Kibale, na malori hupita kwa kasi kubwa. Marie Cibot, Sabrina Krief na wenzao walirekodi jinsi sokwe wanavyoivuka barabara hii. Katika mavuko 20 yaliyohesabiwa, asilimia 92 ya sokwe walitazama kulia, kushoto au pande zote kabla ya kuvuka au wakiwa wanavuka, na walichukua tahadhari zaidi pale walipokuwepo watoto na majeruhi. Dereva wetu alisema amewaona mara mbili, na mara zote mbili alisimamisha gari. "Mmoja alisimama katikati kama askari wa trafiki," alituambia, "mpaka wadogo wakaisha kupita."

Nikamsikiliza anavyosema: alisimama, wakapita. Kiswahili hakimweki mnyama pamoja na gogo na jiwe. Gogo limeanguka, jiwe limeviringika, lakini sokwe amevuka, mbwa amelia, na hata siafu ameuma, kwa kiambishi kile kile tunachomtumia mtu. Sidai kwamba sarufi ni ushahidi wa maabara. Nasema tu kwamba mzungumzaji wa lugha yetu hawezi kuanza sentensi kuhusu mnyama bila kumhesabu miongoni mwa wenye uhai wanaotenda, na kwamba nilipoandika silika ubaoni kwa miaka kumi na minne nilikuwa nikibishana na lugha yangu mwenyewe.

Siku ya sita: Kibale

Kibale ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1993, na sehemu ya Kanyawara, kaskazini mwa msitu, ina mradi wa sokwe ulioanzishwa na Richard Wrangham mwaka 1987. Tulianza siku kwa kulinganisha. Sokwe wa hapa hutumia vijiti. Wa Budongo hawatumii vijiti kuchokolea chakula. Thibaud Gruber na wenzake walitoboa tundu kwenye gogo katika misitu yote miwili wakatia asali, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Sokwe wa Kanyawara walichukua vijiti. Wa Sonso walitengeneza donge la majani, lile lile la kunywea maji. Tatizo lilikuwa moja, asali ilikuwa moja, na kila kundi lilifikia ufundi wa kwao. Mjomba aliyejua kurina asali alisema yeye angetumia kijiti, lakini pia alikiri kwamba aliyemfundisha alitumia kijiti.

Kisa ambacho kilinigusa zaidi ni cha Kakama. Mwaka 1993 Wrangham alimfuata sokwe huyu dume aliyekuwa bado mdogo, ambaye mama yake alikuwa mjamzito. Kakama alibeba kipande cha gogo kwa saa nyingi, mgongoni, tumboni, begani. Alikiangusha, akarudi kukichukua. Akajenga kiota kidogo akakilaza humo. Mtu mmoja akiona jambo kama hilo mara moja hawezi kujenga hoja, na Wrangham hakujenga. Mwaka 2010, baada ya miaka 14 ya kumbukumbu za kundi hilo, yeye na Sonya Kahlenberg waliripoti kwamba sokwe wadogo wa Kanyawara hubeba vijiti kwa namna hii mara kwa mara, majike kuliko madume, na kwamba majike huacha wakishapata mtoto wao wa kwanza. Dada zangu walifunga magunzi ya mahindi migongoni kwa leso wakiwa na miaka mitano. Kucheza kwa namna hiyo ni kushika kitu kimoja mkononi huku kingine kikiwa akilini, na sijui namna ya kukieleza kwa neno silika.

Alasiri tuliwaona ngedere weusi wenye mashavu ya kijivu wakivuka juu ya vichwa vyetu, wakitoa ile sauti yao ya kugugumia. Karline Janmaat, Byrne na Klaus Zuberbühler waliwafuata ngedere hao hapa Kibale tangu alfajiri hadi jioni, na mwaka 2006 wakaonyesha kwamba kurudi kwao kwenye mkuyu ambao waliukuta una matunda kulitegemea hali ya hewa ya siku zilizopita katikati. Kama kulikuwa na jua na joto, walikuwa wepesi zaidi kurudi kuliko baada ya siku za mawingu na baridi. Na ni kweli kwamba joto huivisha kuyu haraka. Walikumbuka mti gani, walikumbuka ulikuwa na nini, na hali ya hewa ikaingia katika uamuzi wao. Mkulima yeyote wa ndizi hufanya hesabu hiyo bila kuiita hesabu.

Siku ya saba: Mweya

Tulishuka Kasese, tukaivuka Ikweta karibu na Kikorongo, tukafika rasi ya Mweya saa saba mchana, mahali ambapo mfereji wa Kazinga unaingia Ziwa Edward. Nilitaka kumaliza na wanyama wadogo, kwa kuwa kwa sokwe ni rahisi kuona sura yetu na kudanganyika.

Nguchiro wa miraba wa Mweya wamechunguzwa kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano na mradi unaoongozwa na Michael Cant. Majike wa kundi huzaa kwa pamoja, mara nyingi usiku mmoja, ndani ya shimo moja, hata mama asijue mtoto yupi ni wake. Watafiti waliwapa chakula cha ziada nusu ya majike wajawazito na kuwaacha wengine, na wakaripoti mwaka 2021 kwamba baada ya kuzaa, akina mama walioshiba walielekeza malezi kwa watoto waliozaliwa wadogo, ambao walikuwa wa wenzao. Watoto wakishatoka shimoni, kila mmoja hufuatana na mkubwa mmoja kwa majuma kadhaa. Mwaka 2010 Corsin Müller na Cant walieleza jinsi walivyowapa wakubwa mayai ya plastiki yenye chakula ndani. Mkubwa mwingine huyang'ata, mwingine huyabwaga kwenye jiwe. Miezi baadaye watoto waliokwisha kujitegemea walipopewa mayai hayo, walifuata njia ya yule waliyekuwa wakimtazama. Mnyama mwenye uzito wa kilo moja na nusu alikuwa na mwalimu, na alibaki na somo lake.

Tuliketi chini ya mti kando ya njia. Ngiri jike alikuja kutoka upande wa mfereji, akasimama mbele ya kundi la nguchiro waliokuwa wakichimbua mavi ya tembo kutafuta wadudu. Alipiga magoti ya mbele, akajilaza ubavu kwenye vumbi. Nguchiro watatu waliacha walichokuwa wakifanya wakaja. Mmoja alipanda tumboni, akaanza kung'oa kupe kutoka kwenye ngozi ile nyembamba iliyo karibu na chuchu, akitumia meno ya mbele. Kila kupe aliponyofolewa ngozi ilishtuka kidogo, na ngiri hakuinuka. Mmoja alipofika sikioni, ngiri aligeuza kichwa taratibu upande wa pili ili sikio lifikiwe vizuri, kisha akafumba macho.

Mjomba alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. "Anaumia," alisema kwa sauti ndogo, "lakini anajua watamaliza." Niliandika maneno yake kwenye daftari pamoja na saa, tisa na dakika ishirini, nikaongeza pembeni jina la msichana wa kidato cha pili, ili nisisahau kuanza naye muhula ukifunguliwa. Nguchiro wa tatu alihamia shingoni. Ngiri aliunyosha mguu wa nyuma uliokuwa umekunjwa, na yule aliyekuwa tumboni akaingia kwenye nafasi iliyofunguka.